Krimu Imekudhuru Ngozi: Umrudie Muuzaji, Ulalamike kwa Mamlaka, au Uende Mahakamani?

Mtu anayenunua losheni, sabuni ya uso au krimu ya kuondoa madoa nchini Kenya ana ulinzi wa kisheria mpana kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili anufaike nazo kikamilifu, haki ya kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa hasara au jeraha linalotokana na kasoro ya bidhaa. Chini ya Katiba zipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, Sheria ya Viwango, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo ni kongwe lakini bado ina meno. Anayekwama hukwama mahali pengine: uso umeungua, pesa zimekwenda, na hajui abishe mlango upi kati ya milango mitatu iliyo mbele yake.

Milango hiyo ni kumrudia muuzaji na kumdai moja kwa moja, kupeleka malalamiko kwa mamlaka za serikali, na kufungua madai katika Mahakama ya Madai Madogo. Kila mmoja unatoa kitu ambacho mingine miwili haitoi, na mtu akiuchagua bila kujua unatoa nini, hupoteza miezi mingi akisubiri jambo ambalo ofisi aliyoiendea haina mamlaka ya kumpa.

Vigezo vya kulinganisha

Nimezipima njia hizi kwa maswali manne. La kwanza ni mnunuzi anapata nini mkononi mwishoni: pesa alizolipa, fidia ya madhara, au hatua dhidi ya bidhaa. La pili ni muda na gharama. La tatu ni ushahidi unaohitajika, na hapa nitakaa zaidi kwa sababu ndipo madai mengi ya vipodozi yanapovunjikia. La nne ni kama njia hiyo inamlinda mtu mwingine atakayeingia dukani kesho kununua kopo lilelile.

Utakachopata mwishoni

Muuzaji anaweza kukurudishia pesa au kukubadilishia bidhaa, na mara nyingi hapo ndipo uwezo wake wa hiari unapoishia. Wengi huelekeza kidole kwenye maandishi ya risiti yasemayo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Maandishi hayo yana maana pale ambapo umebadilisha nia tu, kwa mfano umegundua kwamba harufu ya losheni hukuipenda. Hayana nguvu ya kufuta haki zako pale ambapo bidhaa ina kasoro, imekwisha muda, au si ile uliyoambiwa, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Watumiaji haimruhusu muuzaji kukunyang'anya haki inazokupa kwa kuandika sharti kwenye karatasi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa nayo inaweka ndani ya kila mauzo ya kibiashara sharti ambalo halihitaji kutamkwa: bidhaa iwe ya ubora unaouzika, na ukiwa umemweleza muuzaji unaitaka kwa kazi gani na ukategemea ujuzi wake, basi iifae kazi hiyo. Sharti hili linamfunga hata muuzaji ambaye hakujua kuna tatizo. Kwa hiyo jibu la "mimi nimeinunua tu kwa jumla, waulize waliotengeneza" halimwokoi.

Mamlaka za serikali zina uwezo wa aina nyingine. Shirika la viwango, KEBS, linaweza kuchukua sampuli, kuipima, kukamata mzigo na kuagiza bidhaa iondolewe sokoni. Bodi ya Famasia na Sumu inahusika pale ambapo kopo la kipodozi lina dawa ndani yake, kama steroidi kali aina ya klobetasoli. Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi inashughulikia bidhaa iliyoiga chapa ya mwingine. Mamlaka ya Ushindani inachunguza madai ya uongo na ya kupotosha, iwe ni kwenye lebo au kwenye tangazo, na kati ya ofisi hizi nne ndiyo iliyo karibu zaidi na mfuko wa mlalamikaji, kwa kuwa malalamiko kwake yanaweza kuishia kwa muuzaji kurudisha pesa. Lakini usitarajie mkaguzi akukadirie thamani ya makovu, ya siku ulizokosa kazi, au ya dawa ulizonunua. Kazi yake ni soko.

Mahakama ndiyo inayoweza kuyakadiria hayo. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inasikiliza madai ya hadi shilingi 1,000,000, yakiwemo yatokanayo na mikataba ya uuzaji wa bidhaa na yale ya fidia ya majeraha ya mwili. Gharama za matibabu, bei ya bidhaa na maumivu yenyewe vyaweza kudaiwa pamoja. Madhara yakiwa makubwa kuliko kiwango hicho, kama inavyoweza kutokea kwa mtu aliyeharibika figo kwa sababu ya zebaki, kesi inakwenda mahakama ya hakimu, ambapo Hakimu Mkuu anaweza kusikiliza madai ya hadi shilingi milioni 20. Huko wakili anakuwa kama wa lazima, hata kama sheria haimlazimishi mdai kuwa naye.

Muda na gharama

Kwa muuzaji, gharama ni nauli na uvumilivu, na jibu hupatikana siku hiyohiyo au baada ya majadiliano ya wiki moja au mbili. Mpe muda maalumu kwa maandishi, tuseme siku saba, badala ya kurudi dukani kila siku.

Kulalamika kwa mamlaka hakulipiwi, lakini muda hauko mikononi mwako. Sampuli inasubiri maabara, mkaguzi ana mafaili mengine, na mwagizaji wa bidhaa ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuadhibiwa. Mlalamikaji anaweza kukaa kimya kirefu bila taarifa, jambo ambalo kwa maoni yangu linawavunja moyo watu wengi wenye malalamiko ya haki kabisa.

Mahakama ya Madai Madogo iliwekewa muda na sheria yenyewe: shauri liamuliwe ndani ya siku 60 tangu lilipofunguliwa. Ada zake ni nafuu kuliko za mahakama nyingine, unaruhusiwa kujiwakilisha mwenyewe, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake, kwa hiyo mdai asiyejiamini kwa Kiingereza hana sababu ya kuogopa. Hata hivyo kuna gharama isiyoandikwa kwenye orodha ya ada, nayo ni ile ya kumpata mdaiwa na kutekeleza hukumu. Kushinda dhidi ya duka lenye leseni na mlango unaojulikana ni jambo moja. Kushinda dhidi ya mtu aliyeuza kupitia mtandao kwa jina la kubuni ni jambo jingine.

Kuna pia muda wa mwisho wa kufungua dai, ule unaofunga mlango kabisa. Kwa kawaida dai la mkataba hufunguliwa ndani ya miaka sita, lakini dai la jeraha lililotokana na uzembe hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Anayesubiri mamlaka imalize uchunguzi kabla ya kwenda mahakamani aihesabu vizuri miaka hiyo.

Ushahidi

Jambo la kwanza linalofanywa na mtu aliyeungua ni kulitupa kopo kwa hasira, na hapo anautupa ushahidi wake mkuu. Kopo lenye mabaki, hata kijiko kimoja, ndilo litakalopimwa. Lifunge kwenye mfuko safi, liweke mahali pakavu, usiliongezee kitu. Piga picha ya lebo yote: jina la mtengenezaji na anwani, orodha ya viambato, nambari ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha muda, na alama ya ubora ya KEBS au stika ya bidhaa za kuagizwa. Nambari ya kibali iliyoandikwa chini ya alama ya ubora unaweza kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 ujue kama kibali ni hai. Kiwango cha Afrika Mashariki cha uwekaji lebo kwenye vipodozi, EAS 346, kinataka maelezo ya msingi ya aina hii yawepo, kwa hiyo kopo lisilo na viambato wala mtengenezaji linajishtaki lenyewe.

Uzito wa ushahidi unatofautiana kati ya njia tatu. Muuzaji mwenye busara ataridhika na risiti, kopo na uso wako. Mamlaka inahitaji zaidi bidhaa yenyewe na mahali iliponunuliwa, kwa sababu itafanya vipimo vyake. Hapa mnunuzi ana nafuu kubwa, kwa maana viambato vingine ni marufuku moja kwa moja na hahitaji kuthibitisha kwamba ndivyo vilivyomdhuru. Zebaki ni mfano ulio wazi: chini ya Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, vipodozi vyenye zebaki ya zaidi ya sehemu moja kwa milioni vilipaswa kuondolewa hadi kufikia 2020, na mwezi Novemba 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuviondoa vyote hadi kufikia 2025, pasipo kuangalia kiwango. Kwenye lebo zebaki hujificha nyuma ya majina kama calomel na mercurio. Haidrokwinoni nayo hairuhusiwi katika krimu za kung'arisha ngozi zinazouzwa madukani kama vipodozi. Ukipeleka kopo lenye viambato hivi, sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanywa.

Mahakamani lazima uunganishe mambo matatu: kwamba ulinunua kwa mdaiwa, kwamba bidhaa ilikuwa na kasoro au haikulingana na maelezo, na kwamba kasoro hiyo ndiyo iliyoleta madhara. Mahakama ya Madai Madogo haifungwi kikamilifu na kanuni kali za ushahidi, hivyo ujumbe wa M-Pesa wenye jina la biashara, mazungumzo ya WhatsApp na picha ya skrini ya tangazo vinaweza kusikilizwa bila mzozo mrefu. Kiungo cha tatu ndicho kigumu. Ripoti ya daktari, hasa daktari wa ngozi, inayotaja bidhaa kwa jina na tarehe ulizoitumia, ina uzito kuliko picha mia moja. Nenda hospitali mapema, ngozi ikiwa bado inaonyesha dalili.

Kesi mbili za zamani zinaeleza vizuri dai la ngozi linavyopimwa, na kwa kuwa sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa ilitokana na ile ya Uingereza, fikra zake zinatuhusu. Katika kesi ya Grant dhidi ya Australian Knitting Mills, iliyoamuliwa na Privy Council, baraza la rufaa lililoko London, mwaka 1935, daktari wa mjini Adelaide alipata ugonjwa mbaya wa ngozi kwa kuvaa nguo za ndani za sufu zilizobaki na kemikali za kiwandani. Alishinda dhidi ya pande mbili: duka kwa kuvunja masharti ya mauzo, na kiwanda kwa uzembe, ingawa hakuwa na mkataba na kiwanda. Katika kesi ya Griffiths dhidi ya Peter Conway ya mwaka 1939, mwanamke aliyenunua koti la sufu akapata upele alishindwa, kwa kuwa ilionekana ngozi yake ilikuwa na wepesi usio wa kawaida wa kudhurika na hakumweleza muuzaji kabla ya kununua. Koti lile lingemfaa mtu wa kawaida.

Somo la kesi ya pili ni chungu lakini ni la haki, na linamgusa kila mwenye mzio. Kama unadhurika na manukato au na kiambato fulani, mwambie muuzaji kabla ya kulipa, na ikiwezekana kwa maandishi, ili ukidhurika baadaye asiseme hakujua. Ukinyamaza, na bidhaa ikawa salama kwa watu wengine na viambato vyake vimeandikwa, basi dai lako ni dhaifu katika njia zote tatu. Kesi ya kwanza nayo ina faida kwa aliyepewa bidhaa kama zawadi: asiyenunua mwenyewe hana mkataba na duka, lakini anaweza kumdai mtengenezaji kwa uzembe.

Vipi kuhusu mkorogo, ile krimu inayochanganywa dukani na kuuzwa katika kopo lisilo na jina? Anayechanganya na kuuza ndiye mtengenezaji na ndiye muuzaji, na hana wa kumsukumia lawama. Ugumu ni kuthibitisha kilichokuwa ndani, kwa maana kila kopo lina mchanganyiko wake. Hapo kipimo cha maabara cha kopo lako mahususi hakina mbadala.

Kuwalinda wengine

Katika kigezo hiki mamlaka inazipita njia nyingine kwa mbali. Malipano ya kimyakimya kati yako na muuzaji yanaweza kuwa halali na yenye nafuu kwako, lakini bidhaa inabaki rafuni, na katika mitaa ya vipodozi kama Dubois Road jijini Nairobi mzigo uleule huwafikia wauzaji wa rejareja wa miji mingi. Hukumu ya mahakama inamuumiza muuzaji mmoja mfukoni na huenda ikamfundisha. Amri ya kuondoa bidhaa sokoni inaufikia mzigo wote. Ninaliona jambo hili kuwa zito hasa kwa sabuni na krimu zinazotumika kwa watoto, na kwa zile zenye zebaki, ambayo hudhuru figo na haimwachi salama mtoto anayebebwa na mama anayezitumia.

Je, lazima uchague moja?

Hapana. Kumlalamikia muuzaji kwa mamlaka hakukuzuii kumdai, na matokeo ya vipimo vya mamlaka yanaweza kuitia nguvu kesi yako. Hatari iko kwenye karatasi. Muuzaji anayekurudishia bei ya krimu anaweza kukutaka utie saini kwamba umelipwa "dai lote" na hutamdai tena kitu chochote. Kama bado unatibiwa, usitie saini maneno hayo. Andika kwamba umepokea bei ya bidhaa pekee, au uondoke bila kupokea. Na kama ametaka uahidi kutoripoti kwa mamlaka, hilo ni ombi la kukataliwa bila kufikiria mara mbili.

Kwa msomaji aliye Tanzania

Njia ni zilezile, ofisi ndizo tofauti. Vipodozi vilikuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, hadi Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilipovihamishia, pamoja na vyakula, kwa Shirika la Viwango, TBS, na TFDA ikageuka kuwa TMDA inayoshughulikia dawa na vifaa tiba. Mtu anayepeleka leo malalamiko ya losheni TMDA ataelekezwa TBS, isipokuwa pale ambapo kilichouzwa ni dawa. Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, inashughulikia bidhaa bandia na udanganyifu wa kibiashara. Zanzibar ina wakala wake wa chakula na dawa, ZFDA. Madai ya fidia yanakwenda katika mahakama za kawaida, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama tangu marekebisho ya mwaka 2021.

Ipi kwa hali ipi

Bidhaa imekwisha muda, imefunguliwa, au siyo uliyoagiza, na ngozi haijadhurika: anza na muuzaji. Peleka risiti na kopo, taja sharti la ubora lililomo katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, mpe muda wa maandishi. Akikataa na kiasi ni kidogo, Mamlaka ya Ushindani inafaa kuliko mahakama, kwa sababu shilingi mia nane hazistahili siku zako mbili za kortini.

Umepata upele mdogo uliopona wenyewe, na lebo inaonekana kamili: muuzaji anatosha, lakini kagua kwanza viambato kwa ajili ya mzio wako mwenyewe.

Ngozi imeungua, imebadilika rangi au imekupeleka hospitali: daktari kwanza, kisha KEBS au Bodi ya Famasia na Sumu ipelekewe taarifa wakati kopo bado lina kitu ndani, kisha Mahakama ya Madai Madogo kwa ajili ya fidia. Omba risiti ya kila dawa. Gharama zikikaribia shilingi milioni moja, au daktari akitaja figo, tafuta wakili kabla ya kufungua chochote, kwa kuwa ukishahukumiwa katika mahakama ndogo huwezi kurudi kudai salio katika mahakama kubwa.

Unashuku zebaki, haidrokwinoni au steroidi, ingawa bado hujadhurika: njia yako ni mamlaka peke yake. Mahakama hufidia hasara iliyokwisha kutokea.

Umenunua kwenye mtandao na muuzaji amekufungia simu: kusanya jina lililotokea kwenye ujumbe wa malipo, nambari uliyolipia, kiungo cha ukurasa na picha za tangazo kabla hazijafutwa, kisha uzipeleke Mamlaka ya Ushindani, na bidhaa ikiwa inaiga chapa ya mwingine, uipeleke taarifa hiyohiyo kwa Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi. Mahakama iache mpaka upatikane mtu mwenye jina na anwani ya kupelekewa wito. Kama ulinunua kupitia jukwaa la kampuni inayojulikana, andikia kampuni hiyo pia siku hiyohiyo na udai jina la muuzaji aliyesajiliwa, kwa maana akishapatikana, mlango wa tatu unafunguka tena.